Kifaa cha kusikia nacho kina usiku wake

Mamangu alikitumia kifaa chake cha kwanza cha kusikia miezi minane tu, kikanyamaza. Tulipokipeleka kwa fundi, alifungua kimlango cha betri akatuonyesha unga wa kijani kwenye vyuma. "Mama analala nacho?" akauliza. Tukatazamana. Ndiyo, alikuwa akilala nacho. Na usiku ambao hakulala nacho alikifunga kwenye leso akakitia chini ya mto, kama mtu afichaye pete ya dhahabu.

Tulipokinunua tulifundishwa kukivaa na kupandisha sauti. Habari ya usiku hakuna aliyeigusa, nasi hatukuuliza. Tangu hapo nimekuwa nikiwadadisi watu hapa Mombasa, na si wazee mmoja wala wawili ambao vifaa vyao vya maelfu ya shilingi vimekaa kwenye droo, vimekufa.

Sisi watu wa pwani adui yetu ni fukuto. Kifaa kinashinda kutwa nyuma ya sikio lenye jasho, chini ya ushungi au kofia, na jasho lina chumvi. Kikilala tena sikioni mpaka alfajiri, kitakauka saa ngapi? Sikio lenyewe nalo linataka hewa. Tundu likizibwa usiku na mchana hubaki na joto na unyevu, na muwasho na fangasi hupenda mahali kama hapo. Isitoshe, ukilalia ubavu mto hukibana, sauti inayotoka hurudi kwenye maikrofoni, na kifaa kikaanza kupiga mluzi. Wengine huamka hakimo sikioni kabisa, wakakisaka ndani ya shuka ambazo zimeshalowekwa.

Kwa hiyo kifaa kivuliwe. Kaa kitandani au kwenye mkeka, mikono ikiwa mikavu, ili kikiponyoka kiangukie pahali laini. Kipanguse kwa kitambaa laini kikavu. Usitumie spiriti wala kitambaa kilicholowa. Nta iliyonata iondoe kwa kiburashi kidogo, tundu likiwa limeelekezwa chini ili uchafu udondoke nje badala ya kuingia ndani. Kile kipande kigumu cha kuingia sikioni, kwa wale wenye kifaa cha kukaa nyuma ya sikio na chenye kimrija, kinaweza kubanduliwa na kuoshwa peke yake kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Kiache kikauke mpaka asubuhi, na utazame kama kuna tone la maji ndani ya mrija kabla ya kukirudisha. Mashine yenyewe haioshwi. Vile vidogo vyenye waya mwembamba, usiloweke chochote. Muulize aliyekuuzia namna ya kubadilisha kipira cha mbele na kichujio cha nta.

Betri ndogo za duara zina tabia yake. Zinafanya kazi kwa hewa, ndiyo maana huja na kibandiko. Ukishakibandua zimeanza safari, na kukirudisha hakuokoi kitu. Betri mpya iache wazi kama dakika moja ivute hewa, ndipo uitie. Usiku fungua kimlango chote, hewa ipite ndani na mashine izimike. Vya kuchaji vinakwenda kwenye chaja yake vikiwa vikavu. Kwa vile stima yetu mnaijua, uliza kama chaja hiyo inakubali pawabenki.

Cha kukaushia si lazima kiwe cha bei. Kikopo kidogo chenye kifuniko cha kubana, na ndani yake vile vipakiti vya chembechembe tunavyovikuta kwenye maboksi ya viatu. Vikizeeka havinyonyi tena, basi vibadilishe. Betri itoe uiweke kando, kwa sababu ukavu huo unaimaliza. Usianike kifaa juani, usikipulizie mashine ya nywele, na usikiweke msalani.

Hapo kwenye betri nitasimama kidogo. Mtoto akiimeza ni dharura, akimbizwe hospitali saa ileile bila kungoja dalili. Na mzee anayekunywa vidonge usiku gizani anaweza kuidhania kidonge. Betri na dawa visikae meza moja. Paka na mbwa nao huvutwa na harufu ya nta, wakakitafuna kifaa chenyewe.

Kwa udhu, kivue kabla, kwani masikio yanapakwa maji. Yakaushe vizuri ndipo ukivae. Mafuta ya nywele na marashi pia yatangulie, kifaa kifuate.

Yote hayo nilimweleza mamangu, akanisikiliza, usiku akalala nacho. Nilipomkalia sana akasema, "Nikikivua, adhana nitaisikia na nani? Na mtu akivunja mlango?" Nikaona kuwa sisi tulikuwa tunalinda mashine, yeye alikuwa anaogopa kubaki peke yake katika ukimya. Hofu hiyo haitibiwi kwa kikopo cha plastiki.

Kuna saa za kuamshia zenye kisahani kinachotikisika chini ya mto, na hata simu ya kawaida iliyowekwa mtetemo humfaa mwenye usingizi mwepesi. Kuna kengele za mlango zinazowasha taa. Lakini la kwanza ni watu wa nyumba kupatana nani anamwamsha, kwa swala na kwa daku, na nani anamjia pakitokea moto. Mama anayelala peke yake na mtoto mchanga, au mtu anayesumbuliwa na mvumo masikioni usiku, azungumze na mtaalamu wake. Huenda akaruhusiwa kubaki na kimoja, na mchana akalipumzisha sikio hilo.

Kifaa cha pili cha mamangu kina miaka mitatu sasa. Kikopo chake kiko pale pale kila usiku, upande wa mkono wa kulia, na tochi kando yake. Mjukuu wake analala chumba kimoja naye. Alfajiri huwasha taa kwanza, kisha humgusa bega taratibu, maana siku ya kwanza alimtikisa gizani na bibi akapiga ukelele ulioamsha majirani.