Risasi za Wanyama Wakubwa: Za Kale na Za Sasa

Hubishaniwa mara kwa mara katika kaunti zetu za Kisii na Nyamira, hasa na wazee waliopata kuwatumikia wawindaji wa Kizungu, ya kwamba bunduki za zamani zilikuwa na nguvu na hizi za sasa ni vijiti tu. Vijana nao husema kila kilicho kipya hushinda. Yafaa tulitazame jambo hili kwa hesabu, kwa maana mtu anayemkabili nyati aliyejeruhiwa hana nafasi ya kubishana.

Kwanza tuelewane. Kiasi cha bunduki ni ganda la shaba lenye fataki kitakoni, baruti ndani, na risasi mdomoni. Namba yake huonyesha takriban upana wa risasi kwa sehemu za elfu za inchi. Hivyo 375 ni karibu milimita 9 na nusu, na 600 ni zaidi ya milimita 15, upana wa kidole gumba cha mtu mzima au karibu nacho.

Babu zetu waliijua bunduki katika vita vya mwaka 1905 na 1908, wala hawakuijua kama chombo cha mawindo. Lakini mwaka 1909 alipita jirani yetu mwindaji mashuhuri, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani. Aliwinda katika nchi iliyoitwa Sotik, ambayo siku hizo ilikuwa pana sana kuliko mji wa Sotik unaotazamana na Borabu leo. Alichukua bunduki tatu zilizo kama shule nzima ya somo letu: ya mitutu miwili ya Holland & Holland, aina ya 500/450, aliyopewa zawadi na Waingereza; Winchester ya 405, ambayo aliipenda mno kwa simba; na Springfield ndogo ya namna ya jeshi la kwao. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile, wengi wao wakapelekwa katika nyumba ya makumbusho ya Washington. Msomaji na aseme mwenyewe kama ni wengi.

Ile ya mitutu miwili ilikuwa ya ukoo ulioanza mwaka 1898, kampuni ya John Rigby ya London ilipotoa kiasi cha 450 chenye baruti isiyo na moshi. Kabla yake mwindaji alitumia baruti nyeusi, na akishafyatua, wingu la moshi lilimficha mnyama asijue kama ameanguka au anamjia. Baruti mpya iliitwa kodaiti, nayo ilifungwa ndani ya ganda katika nyuzi ndefu mfano wa tambi. Ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa na ila moja: katika jua kali msukumo wake ulizidi, na ganda likaweza kukwama ndani ya mtutu baada ya kufyatuliwa. Mafundi wa Uingereza wakafanya maganda makubwa, baruti ikapata nafasi, msukumo ukawa mdogo, na ganda likatoka kwa urahisi hata jua la utosi. Huu ndio ufundi ambao watu wengi hawauoni. Wanaona ukubwa wa kiasi cha kale wakadhani ni nguvu tupu, kumbe ukubwa ule ulikuwa usalama.

Hivyo zikaja 470, yenye risasi ya gramu 32 iendayo kiasi cha meta 655 kwa sekunde, na 600 yenye risasi ya gramu 58. Hii ya mwisho ilikuwa nzito kuibeba, na teke lake begani halikuwa la mchezo. Kwa bunduki za mtutu mmoja, Rigby alitoa 416 mwaka 1911, na Holland & Holland wakatoa 375 mwaka 1912. Hiyo 375, kwa maoni yangu, ndiyo bora kupita zote kwa mtu mwenye bunduki moja tu. Risasi yake ya gramu 19 humwua mnyama mkubwa, na mwenye kuipiga haiogopi.

Na kuiogopa bunduki ni jambo kubwa. Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya 275 ambayo risasi yake haikupita gramu 11 na kitu. Siri yake ilikuwa nini? Alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Lakini asije mtu akaiga. Bell mmoja alifaulu, na wangapi walikanyagwa hatuwezi kuhesabu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili bunduki za mitutu miwili zilikuwa ghali kupita kiasi. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ikatoa 458, yenye ganda fupi linaloingia katika bunduki ya kawaida ya bei nafuu. Iliahidiwa kuwa sawa na 470. Idara za wanyama zikaipokea kwa furaha, na kwa muda mrefu ikawa bunduki ya askari wa wanyama katika Afrika. Lakini ganda lile lilikuwa dogo kwa kazi ile. Baruti ilishindiliwa mpaka ikagandamana, na baada ya kukaa ghalani viasi vingine viliwaka nusu nusu, risasi ikatoka ikiwa mvivu. Fikiri askari aliyetumwa kumfuata nyati kichakani, naye ana kiasi cha namna hiyo mtutuni! Mmarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959, ndiye aliyebuni baadaye kiasi chenye ganda refu zaidi, ambacho hadi leo huitwa 458 Lott. Viwanda navyo vikatengeneza baruti bora, na 458 ya leo si mbaya kama ile ya kwanza.

Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Kynoch cha Uingereza kiliacha kufanya viasi vile vikubwa vya kale, na bunduki nyingi nzuri zikawa mapambo ya ukutani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikafufuka, Wamarekani walipoanza kutengeneza tena viasi vya 470 na 416 ya Rigby. Mwaka 1988 Remington nao walitoa 416 yao, yenye nguvu ile ile katika ganda jembamba zaidi, kwa kuongeza msukumo. Hapa ndipo kale na sasa zinapopimana wazi: ya Remington huingia katika bunduki ya bei nafuu, ya Rigby hutoa ganda lake kwa wepesi siku ya joto.

Maendeleo ya kweli hayakuwa katika ganda, bali katika risasi yenyewe. Ya zamani ilikuwa ya risasi laini iliyovikwa chuma, na ilipogonga mfupa mnene pengine ilipinda au kupasuka. Za sasa nyingi ni shaba tupu kutoka ncha hadi kitako, nazo hupenya moja kwa moja. Ukiitia risasi hiyo katika 375 ya mwaka 1912, una silaha bora kuliko yoyote aliyoichukua Roosevelt.

Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mambo haya yamebaki kazi ya askari wa Shirika la Wanyamapori, lililoanza mwaka 1990. Kwetu vilima vimejaa mashamba ya chai na ndizi, na wanyama wakubwa wamebaki katika ishara za koo, chui kwa watu wa Kitutu na kiboko kwa watu wa Bonchari. Lakini mbuga za Mara na bonde la Lambwe hazipo mbali. Mkulima wa mpakani akiona nyayo za nyati katika mahindi yake, apeleke habari kwa chifu au kituo cha Shirika siku hiyo hiyo, awaweke watoto ndani, wala asimfuate mnyama huyo kwa mkuki na mbwa. Na kama amejeruhiwa tayari, aliyemwona aseme wazi alipoingia kichakani, kwa maana nyati wa namna hiyo hupenda kugeuka na kumngoja anayemfuata.