Dini kwa Muziki wa Kufokafoka: Wasikilizaji Wanasemaje?

Jumapili moja baada ya Misa ya pili alikuja kijana barazani pa ofisi ya parokia, ametumwa kulipa zaka ya nyumbani kwao. Simu yake ilikuwa ikiimba mfukoni. Au tuseme ilikuwa ikifoka. Nilipomwambia aizime, alijibu kwa adabu, "Mwalimu, huyu anamtaja Mungu." Basi nikasikiliza, na wale waliokuwa wakingoja vyeti vya ubatizo wakasikiliza pia.

Mwimbaji alikuwa Juliani wa Dandora, Nairobi, aliyetoa albamu ya Mtaa Mentality mwaka 2008 na Pulpit Kwa Street mwaka 2011. Jina hilo la pili maana yake ni kutoka mimbarini kwenda mtaani. Vijana huuita muziki huo hipu-hopu: maneno mengi hutamkwa mbio juu ya mdundo, wala sauti haipandi na kushuka kama ya kwaya.

Mama mmoja wa WAWATA alisema hakuambulia hata sentensi moja. Hakukosea, kwani mwimbaji hutumia Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi, na wengi wetu huku Karagwe na Kyerwa hata Kiswahili chenyewe tulikikuta shuleni. "Kama ni mahubiri," akauliza, "mbona yamefungwa kwa kufuli?" Hata hivyo alikiri kwamba ni heri mwanawe asikilize hayo kuliko nyimbo za kilabuni.

Mzee mmoja alitikisa kichwa, nami nikadhani anakataa. Kumbe alikuwa akikumbuka. Alisema ndivyo mashujaa walivyojigamba zamani mbele ya Omukama, maneno yakifuatana kama mvua ya mawe, na asiyekatika pumzi ndiye aliyepata sifa. "Lakini wale walijisifu wenyewe. Huyu amsifu nani?" Kijana akamjibu kuwa ni Mungu. "Basi apunguze mbio kidogo, nami nimsikie huyo Mungu!" Tulicheka sote, na kijana pia.

Jambo hili si la mzaha, lakini. Ng'ambo ya Ziwa, huko Kenya, Padre Paul Ogalo wa Jimbo la Homa Bay alitumia muziki huu kuwavuta vijana kanisani na kuwaonya juu ya dawa za kulevya. Mwezi wa Juni 2018 Askofu wake, Philip Anyolo, alimsimamisha kazi kwa mwaka mmoja. Wengine barazani walisema Askofu alifanya vema, maana altare si jukwaa. Wengine walimhurumia Padre.

Mimi nakumbuka kwamba Papa Pius X, katika hati yake ya tarehe 22 Novemba 1903, alikataza piano na ngoma kanisani. Miaka 60 baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake, na vyombo vingine viingie kwa idhini ya wakuu, vikifaa kwa mambo matakatifu. Leo Utukufu bila ngoma twaona kana kwamba haujaimbwa. Sisemi kwamba kila kilichozuiwa jana kitaingia kesho. Kufokafoka ndani ya Misa sikutaki. Nje ya Misa, hapo naona shauri jingine.

Sababu yangu ni vitabu. Karani ndiye aandikaye majina, na naona jinsi kitabu cha Kipaimara kijaavyo, kisha majina yale yale nayatafuta katika kitabu cha Ndoa nisiyaone. Wenye majina hayo nawajua. Jumapili wako senta, juu ya pikipiki zao, wakingoja abiria, na kengele wanaisikia.

Yule kijana ameomba kwa Paroko yeye na wenzake waimbe uwanjani baada ya Misa, siku ya vijana. Paroko amesema kwanza maneno yaandikwe, tena kwa Kiswahili ambacho yule mama atakielewa, yasomwe ofisini. Karatasi ninayo mezani. Nimesahihisha tahajia mahali pawili, na mstari mmoja unaowasema wazazi wauzao kahawa ingali mtini, kisha ada ya shule ikakosekana, nimeuacha kama ulivyo.