Jiwe Jeusi Halinyonyi Sumu ya Nyoka

Msimu wa mvua na wa mavuno ndio msimu wa kuumwa na nyoka. Majani ni marefu, watu wako shambani tangu alfajiri, panya wanafuata nafaka, na nyoka wanafuata panya. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema tujibu swali ambalo wengi wenu hutuuliza: Je, jiwe la nyoka linatibu?

Jiwe lenyewe mnalijua. Ni jeusi, ni jepesi, na likiwekwa kwenye jeraha hunata. Kwa kweli si jiwe. Ni kipande cha mfupa, aghalabu wa ng'ombe, kilichochomwa mpaka kikawa cheusi. Limepita mikononi mwa watu wengi, waganga, wachuuzi na hata wamisionari, na wengi wao walilitoa kwa nia njema. Familia nyingi zimelitunza kwa miaka na kuliazima kwa majirani.

KWA NINI LINANATA?

Mfupa uliochomwa una vitundu vingi vidogo. Vitundu hivyo hufyonza maji maji, kama vile kigae kikavu kinavyonata ulimini. Jiwe likigusa damu linaifyonza na kushika. Likishajaa, au damu ikikauka, linaanguka. Watu husema limeanguka kwa sababu sumu imekwisha. La hasha! Lingenata vivyo hivyo kwenye jeraha la kisu.

Baadaye jiwe huchemshwa katika maziwa, na mapovu yakitoka watu husema, "Sumu hiyo inatoka!" Mapovu hayo ni hewa iliyokuwa ndani ya vitundu. Chukua jiwe ambalo halijagusa mgonjwa yeyote, lichovye katika maji, nawe utayaona mapovu yale yale.

Sumu yenyewe haikai juu ya ngozi. Meno ya kifutu, ambaye wengine humwita moma, ni marefu na yana tundu ndani kama sindano. Huipeleka sumu ndani ya nyama, nayo huanza kusambaa mara moja. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kulijaribu jiwe jeusi kwa panya waliotiwa sumu ya nyoka. Halikuwasaidia.

MBONA WENGI WAMEPONA?

Hili ni swali la haki, na jibu lake liko katika hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kama milioni 5.4 huumwa na nyoka duniani. Kati yao, wanaoingiwa na sumu ni milioni 1.8 hadi 2.7. Maana yake, nusu au zaidi ya walioumwa hawakupata sumu kabisa. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu kali mara nyingine huuma bila kuitoa. Watu hao watapona kwa jiwe, kwa majani, au bila kitu chochote. Kisha sifa zote hupewa jiwe.

Lakini wale wa nusu nyingine je? Shirika hilo hilo linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka, na wengine kama mara tatu ya hao hukatwa viungo au kubaki na ulemavu.

Tumewahi kumpokea mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na kifutu jioni akirudisha mbuzi. Alifungwa mpira wa baiskeli chini ya goti, akawekewa jiwe. Jiwe likanata, na nyumba nzima ikashukuru. Asubuhi lilipoanguka, mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye mpira, na vidole vilikuwa vyeusi na baridi. Mtoto alipona, lakini mguu ulikatwa. Hatusimulii haya ili kuwalaumu wazazi wake. Walifanya walivyofundishwa na wazee wao, nao walimpenda mtoto wao. Kilichopotea ni usiku mmoja.

SUMU SI YA AINA MOJA

Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Sumu ya koboko hushika mishipa ya fahamu: kope hulegea, mgonjwa hushindwa kumeza, kisha kupumua, na haya huweza kutokea upesi sana. Sumu nyingine huzuia damu kuganda. Ndiyo maana hospitalini tunachukua damu kidogo, tunaiweka katika chupa safi ya kioo na kuiacha dakika 20 bila kuitikisa. Isipoganda, tunajua kuna hatari.

Dawa ya kupoza sumu ipo. Mwaka 1894 wanasayansi wa Ufaransa walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ina kinga ya kuizima. Hadi leo dawa nyingi za namna hii hutengenezwa kutokana na damu ya farasi. Huweza kumletea mgonjwa mzio mkali, kwa hiyo hutolewa mahali penye wauguzi na dawa za dharura, wala si dukani.

UFANYE NINI?

1. Msogeze mgonjwa mbali na nyoka. Usimfukuze wala usimbebe nyoka. Hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma.

2. Mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba.

3. Mtulize. Funga kijiti kando ya mguu au mkono ulioumwa ili usitikisike, bila kukaza. Asitembee kwa miguu, abebwe.

4. Akitapika au akilegea, mlaze kwa ubavu.

5. Mpeleke hospitali mara moja.

Usichanje, usinyonye kwa mdomo, usimwage mafuta ya taa, usifunge kamba ya kukaza. Kuchanja huongeza jeraha na kutokwa damu, na kamba huua kiungo. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi safi, kisha nenda hospitali.

NYOKA SI MLIPA KISASI

Wengine huogopa kwamba mwenzi wa nyoka aliyeuawa atakuja kulipa kisasi. Nyoka hana mawazo ya namna hiyo. Pia ulimi wake wenye ncha mbili hauna sumu; anautumia kunusa. Anakuja nyumbani kutafuta panya na mahali pa kujificha. Basi hifadhi nafaka vizuri, ondoa marundo ya kuni na matofali karibu na mlango, chomeka chandarua chini ya godoro, na usitoke usiku bila tochi na viatu.

Mwisho tunawaomba jambo moja. Kabla msimu haujafika, kaeni katika jumuiya zenu mkubaliane: nani ana pikipiki au gari la kumbeba mgonjwa usiku? Ulizeni mapema ni hospitali gani ya karibu yenye dawa ya kupoza sumu, maana si zote zinayo. Mwenye jiwe na alitunze kama kumbukumbu ya wazee. Mgonjwa aanze safari.