Jambo Bwana unaujua. Wenyewe je?

Simama kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela asubuhi ya wikendi uhesabu magari. Malori ya simiti hayaishi, matatu za Kajiado zinagombania abiria, na katikati yake zinapita zile gari za watalii zenye paa la kufunguka. Zinaelekea Isinya, Kajiado, Namanga, kisha zinakata kushoto kwenda Amboseli. Waliomo ndani bado wana usingizi wa ndege. Wakifika hotelini, kuna uwezekano mkubwa watapokewa kwa juisi, kitambaa cha kujipangusa uso na wimbo mmoja ambao wewe pia unaujua tangu nasari.

Jioni, hapahapa Kitengela, wimbo huohuo unaweza kukukuta kwenye nyama choma. Bendi imeshapiga rhumba, ikaingia benga, ikagusa mugithi kidogo ili meza ya nyuma inyamaze. Halafu mpiga kinanda anabonyeza noti chache tu na ukumbi mzima unaitikia, hata yule msee aliyekuwa bize na simu.

Nimejaribu kuuliza mezani mara kadhaa: huu wimbo ni wa nani? Majibu ninayopata ni mawili. Ni wa watalii, au ni wa Boney M. Siku moja nikaambiwa ni wa serikali.

Ni wa Them Mushrooms. Na ukiangalia walivyoishi na muziki, Jambo Bwana ni sehemu ndogo tu ya hadithi yao.

Bendi hii ilianza Mombasa mwaka 1972. Ilikuwa ya ndugu wa familia moja: Teddy Kalanda Harrison, Billy Sarro na George Zirro, na baadaye wadogo zao Dennis Kalume na John Katana wakaingia. Walianza na reggae, jambo ambalo wengi hawalijui. Kazi yao ilikuwa kwenye hoteli za ufuoni, na kazi ya hotelini si shoo ya kupigiwa kelele na mafans. Unapiga leo, unapiga kesho, mgeni anakula samaki wake huku anakusikiliza nusu sikio. Wiki ijayo hao wameondoka, wamekuja wengine. Unaanza upya.

Hapo ndipo Jambo Bwana ulipotoka. Teddy Kalanda alikuwa akiwaona wageni wakijaribu Kiswahili chao cha maneno matatu manne, akayachukua maneno hayohayo akayatia kwenye wimbo. Wakaurekodi, ukatoka 1982.

Watu huudharau kwa sababu ni rahisi. Mimi nadhani urahisi ndio ufundi wenyewe. Usikilize kama mtu wa studio, sio kama mtu aliyeuchoka. Salamu inakuja kwanza, jibu linafuata, na msikilizaji anaweza kuingia kabla ya dakika moja kuisha hata kama hajawahi kusikia Kiswahili maishani. Gitaa halionyeshi ubingwa, linabembeleza tu. Kibwagizo kinarudi kabla hujakisahau. Hiyo ni pop kamili, ile ya gitaa na sauti za pamoja, ambayo vijana wa Liverpool waliuzia dunia nzima miaka ya sitini. Tofauti ni kwamba hii ilipikwa Mombasa, kwa lugha yetu.

Halafu ukaponyoka. Mwaka 1983 Boney M, kundi lililokuwa na makao Ujerumani, wakatoa toleo lao na kuliita Jambo – Hakuna Matata. Mombasa Roots wakaupiga. Safari Sound Band wakaurekodi, na kwa watalii wengi walionunua kanda za ukumbusho, toleo hilo ndilo waliloondoka nalo. Mwimbaji Khadja Nin wa Burundi naye akaufanyia wake. Kila aliyeurudia aliusogeza mbali kidogo na jina la mtunzi, mpaka ukafika mahali ukawa kama hewa.

Mtakumbuka kelele za 2018, watu walipogundua kwamba Disney walikuwa wamesajili maneno "hakuna matata" kama alama yao ya biashara kwenye nguo huko Marekani. Kukawa na ombi la mtandaoni, lililoanzishwa na Mzimbabwe, na sahihi zikamiminika. Sisi Twitter tuliwaka moto. Lakini katika zile hasira zote, ni wangapi walitaja Them Mushrooms, ambao miaka 12 kabla ya filamu ya The Lion King walikuwa tayari wameuimbia ulimwengu maneno hayo? Nilikuwa nafuatilia. Wachache sana.

Sasa, bendi nyingi zikipata wimbo mkubwa hivyo, zinakufa nao. Hawa hawakufa. Mwaka 1987 walihama Mombasa wakaja Nairobi, mji ambao haukuwa unangoja bendi ya pwani ije iuokoe. Wakabadilika. Chakacha wakaipiga, benga wakaipiga, soukous ya Kongo ilipotawala vilabu wakaipiga pia. Walimrudisha studio mzee Fundi Konde, nyota wa miaka ya hamsini, wakashirikiana na Malika wa taarab. Baadaye hata jina wakalitafsiri, wakajiita Uyoga. Mtu anaweza kusema hawakuwa na msimamo. Mimi nasema mtu mwenye kodi ya nyumba na karo za watoto hana muda wa kubishana na mashabiki kuhusu mtindo.

Linganisha na Sauti Sol, ambao kizazi chetu kimekua nao. Wale walianza 2005, wakatoa Mwanzo 2008, wakajaza viwanja ndani na nje ya nchi, na Novemba 2023 wakatuaga Uhuru Gardens, kila mmoja akashika njia yake. Miaka 18. Tulilia, na hiyo ni haki, kwa sababu bendi kukaa miaka 18 bila kuchapana ni kazi. Them Mushrooms walipofikisha miaka kama hiyo walikuwa na miaka mitatu tu tangu wahamie Nairobi, na safari ndefu ilikuwa bado mbele.

Naandika haya nikiwafikiria vijana wanaopiga live huku Kitengela, Kajiado mjini na Ngong. Wengi wanaishi kwa kopi. Klabu inataka nyimbo ambazo watu wanazijua, unalipwa cha usiku, unabeba spika zako unarudi kejani. Sio aibu, hata Them Mushrooms walianza na kazi ya hotelini inayofanana na hiyo. Ila Teddy Kalanda, katikati ya kuwaimbia wageni kila usiku, alikaa akaandika kitu chake mwenyewe. Na hapo ndipo penye pesa na penye ugomvi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtenganisha anayepiga na aliyetunga. Ukipiga kopi leo, ya usiku ni yako. Wimbo ni wa mwingine, na unabaki wa mwingine ukishalala. Kwa hiyo bendi yenu ya watu watano ikitoa wimbo mpya, andikeni mapema nani katunga nini, hata kama ni kwenye karatasi ya sigara. Ikishahit, kila mtu atakumbuka kwamba wazo lilikuwa lake.

Teddy Kalanda alifariki mwaka 2024. Sheria hiyo inalinda utunzi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka alioaga. Maana yake Jambo Bwana una mwenyewe hadi mwisho wa 2074. Mtoto anayetambaa leo kule Noonkopir atakuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, na magari ya Amboseli, nadhani, bado yatakuwa yanapita.