Kikwazo, Kizuizi na Bariere: Kazi ya Ofisa wa Biashara katika Ubalozi

1. Neno na maana yake

Kwa msemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi, neno «bariere» huleta akilini kwanza mti uliokingamishwa njiani, na askari amesimama kando yake. Msikilizaji wa redio, kwa upande wake, amezoea kusikia «vikwazo» kwa maana ya adhabu ambazo taifa moja huliwekea taifa jingine. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba ubalozi fulani unashughulika na kupunguza vikwazo vya biashara huweza kuelewa jambo jingine kabisa. Makala haya yanakusudia kueleza vikwazo vya aina ya tatu: masharti ya kiserikali yanayoongeza gharama ya bidhaa au kuichelewesha ivukapo mpaka.

Masharti hayo ni ya mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ushuru wa forodha, ambao huandikwa kwa tarakimu na kila mtu aweza kuusoma. Fungu la pili ni vikwazo visivyo vya kiushuru: vibali, vipimo vya ubora, marufuku, hati zinazodaiwa mara mbili. Kadiri ushuru unavyopunguzwa kwa mapatano, ndivyo fungu la pili linavyozidi kujitokeza, nalo ndilo humpa ofisa wa ubalozi kazi kubwa zaidi.

2. Uwezo wa ofisa

Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, katika kifungu cha 3, unahesabu ukuzaji wa uhusiano wa kiuchumi miongoni mwa kazi za ubalozi. Lakini kifungu cha 41 kinamtaka mwanadiplomasia aheshimu sheria za nchi iliyompokea na asiingilie mambo yake ya ndani. Nacho kifungu cha 42 kinamkataza kufanya biashara kwa faida yake mwenyewe. Hivyo ofisa huyo hawezi kumwamuru mtu wa forodha hata kidogo. Silaha yake ni kuikumbusha serikali ahadi ambazo yenyewe ilizitia sahihi.

Ahadi hizo si chache. Kongo iliingia katika Shirika la Biashara Duniani tarehe 1 Januari 1997, ikaingia SADC mwaka huohuo, na mwaka 2022 ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aidha ni mwanachama wa COMESA. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. Zambia imo COMESA na SADC, lakini haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi anayetetea bidhaa za Tanzania kwa kutaja mkataba wa COMESA amekwisha kushindwa kabla ya kuketi.

3. Kutoka lalamiko hadi kifungu

Tuseme kwamba mfanyabiashara wa Tanzania anapeleka unga Lubumbashi, naye anakuja kulalamika: «Wamekataa kupitisha mali yangu.» Kwa msikilizaji wa kawaida, sentensi hiyo imekamilika. Kwa ofisa wa biashara, haijasema kitu bado. «Kupitisha» huweza kuwa kuruhusu mzigo uingie nchini uuzwe. Huweza kuwa kuruhusu uvuke tu kuelekea nchi nyingine. Huweza pia kuwa kuidhinisha hati. Kila maana ina sheria yake.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuuliza na kukusanya karatasi: ankara, cheti cha uasili wa bidhaa, cheti cha ubora, stakabadhi za malipo. Hatua ya pili ni kupambanua: je, mzigo umezuiwa na sheria yenyewe, na namna sheria inavyotumiwa, au na mtu anayetaka kulipwa pasipo haki? Ya kwanza hujadiliwa na wizara; ya pili huweza kumalizwa na mkuu wa ofisi; ya tatu haina kifungu cha kuitetea. Hatua ya tatu ni kutafuta ahadi inayohusika. Kama unga umepimwa Tanzania na unadaiwa kupimwa tena, swali si «kwa nini mnatuonea?» bali ni «je, cheti hiki kinatambuliwa, na kama hakitambuliwi, ni kwa sababu gani?» Ndipo barua rasmi huandikwa, na mazungumzo hufuata. Yakishindikana, jambo hupelekwa kwenye tume ya pamoja ya nchi mbili au kwenye jumuiya husika.

4. Mipaka ya kazi hiyo

Si kila kizuizi ni kibaya. Mikataba ya Shirika la Biashara Duniani inairuhusu nchi kulinda afya ya watu, wanyama na mimea, mradi hatua zake ziwe na msingi wa kisayansi. Hali kadhalika, viwanda vya nchini vina watetezi wao. Mwezi wa Agosti 2024, kufuatia marufuku ya Kongo juu ya kuingiza vinywaji baridi na bia, na maandamano yaliyozuka Kasumbalesa, Zambia ilifunga mpaka huo pamoja na ile ya Mokambo na Sakania. Ilibidi mawaziri wakutane ndipo njia ikafunguliwa, siku chache baadaye. Siku hizo zililipwa na dereva aliyelala chini ya lori na mama aliyesubiri bidhaa sokoni, wala hakuna anayewarudishia gharama yao.

5. Sehemu ya lugha

Malalamiko ya wachuuzi wa Katanga hutolewa kwa Kiswahili. Sheria ya Kongo imeandikwa kwa Kifaransa. Lusaka hujibu kwa Kiingereza. Kati ya lugha hizo tatu, neno moja likifasiriwa vibaya, mzigo unabaki pale ulipo. Hapa pana kazi ya kweli kwa wanafunzi wa Kiswahili: kukusanya maneno ya forodha kama yanavyosemwa mpakani, kuyalinganisha na yale ya Dar es Salaam, na kuonyesha mahali yanapoachana. Mchuuzi wa Kasumbalesa husema «dwani», na ofisa aliyejifunza «forodha» peke yake atamsikia bila kumwelewa.