Konokono Katika Bwawa la Samaki: Namna ya Kuwaondoa

Ndugu mkulima, katika bwawa lako mna mifugo ya namna mbili. Wa kwanza ni ngege, uliowanunua wakiwa vifaranga ukawalisha kwa mikono yako. Wa pili ni konokono, ambao hukuwanunua wala hukuwaalika. Wakulima wengi huwaacha kwa kuwa hawali samaki. Wengine wakiona wamezidi, hufika ofisini kuuliza dawa ya kumwaga majini. Kuwaacha ni hatari, na kumwaga dawa ni hatari zaidi. Hapa tutaeleza njia ifaayo.

Kwa nini konokono ni adui

Si kila konokono analeta ugonjwa, lakini aina mbili za majini hubeba kichocho. Aina ya kwanza ni bapa, naye amejiviringa kama kamba iliyokunjwa chini. Huyu hubeba kichocho cha tumbo. Aina ya pili ana ncha. Mshike ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikuelekea: ukiona mdomo uko upande wa kushoto, yafaa umwogope. Huyo hubeba kichocho cha mkojo.

Ugonjwa huenda kwa mzunguko. Mtu mgonjwa akijisaidia majini au karibu na maji, mayai ya minyoo huingia na kuanguliwa. Vijidudu vinavyotoka humwingia konokono na kuongezeka ndani yake. Baada ya wiki 4 au zaidi, konokono huyo mmoja huanza kutoa vijidudu vingine vingi, hasa wakati wa mchana jua likiwa kali. Vijidudu hivyo havihitaji kidonda wala kinywa. Hupenya ngozi ya mtoto anayeoga, mama anayefua, au wewe unayevuta wavu. Mtoto hukojoa damu, au huharisha damu na ini likavimba, akawa mnyonge shuleni.

Mwea, ambako kilimo cha mpunga cha kumwagilia kilianza katika miaka ya 1950, kichocho cha tumbo kimejulikana kwa miaka mingi. Maji yaliyoleta mavuno yalimpa konokono makao pia. Bwawa la samaki ni maji ya namna hiyo hiyo: yametulia, yana joto, na kingo zake zina majani. Mwaka 2009 Serikali ilipoanza mpango wa kuchimbia wakulima mabwawa ya mita za mraba 300, maji ya namna hiyo yalisogea karibu na nyumba nyingi.

Jambo moja lisikutie hofu. Kula samaki hakuleti kichocho. Ugonjwa hutoka katika maji, hautoki katika nyama ya samaki.

Kwa nini hawaishi

Mkulima huokota konokono ndoo nzima, na baada ya miezi michache bwawa limejaa tena. Sababu ni hii. Kila konokono wa aina hizi ni dume na jike kwa pamoja. Mmoja akibaki peke yake aweza kutaga mayai bila mwenzi. Mayai yamo ndani ya ute mwangavu ulioshikamana na majani, mawe na vijiti, na huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Tena bwawa likikauka, baadhi ya konokono hujificha katika tope na kungoja mvua.

Kwa hiyo ukikata majani kwa panga na kuyaacha yaelee, umetawanya mayai. Ukikausha bwawa kwa siku mbili tatu tu na kulijaza tena, umewapa konokono usingizi mfupi.

Dawa za kumwaga majini

Usimwage dawa ya josho, wala dawa ya kunyunyizia mimea, ndani ya bwawa. Samaki hufa upesi kuliko konokono, na maji yakitoka huenda kwa jirani aliye chini yako, ambaye hunywesha ng'ombe wake na pengine huchota ya nyumbani.

Mrututu ulitumika zamani kuua konokono, na ni kweli huwaua. Lakini huua na samaki, hasa katika maji yasiyo na chokaa nyingi. Hata dawa ya miti ni vivyo hivyo. Mwaka 1964 daktari mmoja wa Ethiopia, Aklilu Lemma, aliona konokono wengi wamekufa mahali ambapo wanawake walifua nguo kwa matunda ya mmea uitwao endodi. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, lakini endodi nayo huua samaki. Dawa halisi za konokono zipo, ila ni kazi ya maofisa wa afya waliofundishwa.

Wanyama wanaokula konokono

Wako wanaouliza kama yafaa kufuga mnyama wa kuwala. Bata hula konokono wadogo na majani yaeleayo, nao hufaa, lakini usiwaachie majini kabla vifaranga vya samaki havijakua. Kamongo hupenda sana konokono, ila hula na ngege wako. Katika Ziwa Victoria yuko samaki mdogo mwenye mataya magumu kooni ambayo huvunja magamba, naye alijaribiwa katika mabwawa. Ikaonekana kwamba wale waliolelewa kwa chakula laini, mataya yao hayakuwa na nguvu kama ya wazazi wao.

Usilete kamba wekundu wa Marekani. Walitiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970. Ni kweli hula konokono, lakini hula pia majani ya maji, na hutoboa kingo. Bwawa lililotobolewa kingo halikai na maji, na mnyama aliyekwisha kuingia mtoni harudishwi.

Kazi yenyewe

Njia ya hakika ni kulisafisha bwawa lote mara moja, wakati wa kuvuna samaki, katika majira ya kiangazi. Kabla ya kuanza vaa buti za mpira na glavu, kwa maana maji hayo ndiyo yenye hatari.

Kwanza, vuna samaki wote. Toa maji yote polepole, na weka wavu wa matundu madogo mdomoni mwa bomba la kutolea ili konokono wasiende kwa jirani. Ikiwezekana, elekeza maji shambani, si mtoni.

Pili, ng'oa majani yote ya ndani na ya kingoni pamoja na mizizi. Yavute kwa reki hadi mahali pakavu mbali na maji, yakauke kabisa juani, kisha uyachome. Konokono uwaonao waokote kwa kijiko kirefu au koleo, uwazike katika shimo refu lenye chokaa.

Tatu, mwaga chokaa kali iliyochomwa, ile ambayo haijatiwa maji. Fanya hivyo tope likiwa bado bichi, kwa sababu chokaa hiyo hufanya kazi penye unyevu. Kipimo ni kilo 10 hadi 15 kwa kila eneo la mita 10 kwa mita 10. Bwawa la mita za mraba 300 litataka kilo 30 hadi 45. Imwage chini, kingoni, na zaidi katika vidimbwi vilivyobaki. Chokaa hii huunguza macho na ngozi. Funika pua kwa kitambaa, linda macho, simama upande upepo utokako, na watoto wasikaribie.

Nne, acha bwawa likauke kwa wiki 2 au zaidi, hadi ardhi ipasuke. Kisha kwangua tope la juu na ulitoe.

Tano, kabla ya kujaza maji, funga mlango wa adui. Chonga kingo ziwe na mteremko mzuri, kusiwe na sehemu ya maji ya kina kifupi yenye nyasi. Weka wavu wa matundu madogo mahali maji yaingiapo na uusafishe mara kwa mara. Osha wavu wa kuvulia ulioazimwa na uukaushe juani. Vifaranga vipya vikague: usimwage maji yao wala jani lolote bwawani.

Ukiisha kujaza, ngoja wiki moja au mbili ili ukali wa chokaa upungue. Tia samaki wachache ndani ya kikapu cha wavu usiku na mchana. Wakiwa wazima, tia wengine.

Baada ya hapo

Kila wiki 2 zunguka bwawa, fyeka nyasi za kingoni na kuziondoa, na tazama chini ya majani. Waweza kufunga majani laini ya sukuma wiki kwenye kijiti jioni na kuyatoa asubuhi pamoja na konokono walioyakusanyikia.

Choo kiwe mbali na bwawa, na mtu asijisaidie kingoni. Watoto wasiogelee hapo. Maji ya kufulia au kuogea yakikaa siku 2 kamili katika pipa safi lisilo na konokono, vijidudu vya kichocho hufa. Maji ya kunywa lazima yachemshwe.

Mwenye dalili aende zahanati apimwe. Dawa iitwayo prazikwanteli huua minyoo mwilini, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena. Ukimtibu mtoto leo na kumwacha aingie katika maji yale yale kesho, umetibu bure. Tibu nyumba yako, na bwawa lako ulitibu pia.

Ukitaka msaada wa kupima bwawa au kupata chokaa, mwone afisa wa uvuvi au bwana shamba wa mahali pako kabla ya siku ya kuvuna. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.