Istilahi za Uuguzi: Kinga, Homoni na Vidonda

Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya istilahi za msingi za uuguzi, hasa zile zihusuzo kinga, maradhi ya homoni, na maambukizo ya ngozi na vidonda. Wafasiri wa vitabu vya afya, walimu, na watumishi wa Serikali waandikao matangazo kwa wananchi hukutana nazo kila mara, wala si wote wazitumiao kwa maana moja.

Umuhimu wa jambo hili hudhihirika pale Upanga, ilipo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Mwaka 1963 shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam, nayo ndiyo chimbuko la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Muhimbili, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2007. Mwanafunzi wa hapo husomeshwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa atokaye Kariakoo au Jangwani huhudumiwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila muuguzi ni mfasiri, apende asipende, na tafsiri yake huifanya kando ya kitanda pasipo kamusi.

(a) Kinga

Kitenzi kukinga maana yake ni kuweka kizuizi kabla dhara halijafika. Kuzuia ni pana zaidi, kwani hata ugonjwa ulioingia huweza kuzuiwa usienee. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo watu wapatao milioni mbili walishiriki kwa njia ya redio na vikundi vya kusoma, wananchi walifundishwa kuchimba vyoo na kufyeka majani ili kujikinga na maradhi. Hiyo ndiyo kinga kwa maana yake ya asili. Baadaye neno hilohilo limebeba maana ya pili, yaani uwezo wa mwili kupambana na vijidudu. Ili kuepusha utata, inafaa maana hii ya pili iandikwe kinga ya mwili.

Chanjo latokana na kuchanja, kwa kuwa chanjo ya ndui ilitolewa kwa kuichanja ngozi. Leo hata matone ya polio yatiwayo mdomoni huitwa chanjo, wala hapana asiyeelewa. Neno laweza kupanuka bila madhara, mradi wasemaji wote wapanuke nalo.

Si kila neno lina bahati hiyo. Mfasiri atafutaye sifa ya kifaa kisicho na kijidudu hata kimoja aweza kushawishika kuandika “sindano tasa”. Lakini kwa msikilizaji, tasa ni asiyezaa. Mwaka 2014 nchini Kenya chanjo ya pepopunda ilituhumiwa kuwa hufunga uzazi, hata Shirika la Afya Duniani likalazimika kukanusha. Palipo na hofu ya namna hiyo, neno moja lisilofaa hutosha kumfanya mama aondoke na mwanawe. Ni salama zaidi kusema sindano isiyo na vijidudu, ijapokuwa ni maneno mengi.

(b) Homoni na tezi

Neno homoni lilianza kutumiwa na Mwingereza Ernest Starling mwaka 1905, kutokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuchochea. Kwa sababu hiyo kichocheo ni tafsiri yake iliyo karibu mno. Hata hivyo, kichocheo hutumika pia katika kemia kwa kitu kiharakishacho mmenyuko, na katika lugha ya kawaida kwa jambo lolote lichochealo. Istilahi moja isibebe mizigo mitatu. Katika maandishi ya afya homoni litumike.

Tezi lina shida ya namna nyingine. Kwa mwanasayansi, tezi ni kiungo kitoacho homoni, mate au jasho, nasi sote tunazo. Kwa watu wengi, tezi ni uvimbe. Mgonjwa aambiwaye “una tatizo la tezi ya shingo” aweza kujipapasa, asione uvimbe, akaamini kuwa hana ugonjwa. Uvimbe wenyewe uitwe rovu au goita, na tezi libaki jina la kiungo.

Rovu mara nyingi husababishwa na upungufu wa iodini, ambayo katika pakiti za chumvi huandikwa “madini joto”. Jina hili limekwisha kuenea na si busara kulifuta, ingawa halielezi sifa ya kitu chenyewe. Katika vitabu vya shule yafaa yaandikwe majina yote mawili, ili mwanafunzi atambue kuwa kitu hichohicho kimo katika dawa ya rangi ya hudhurungi ambayo muuguzi hupaka kwenye jeraha.

Kisukari limeundwa vizuri: ni fupi, tena lina sura ya jina la ugonjwa, kama kifaduro na kipindupindu. “Ugonjwa wa sukari” huwafanya wengi wadhani kwamba asiyetia sukari katika chai amesalimika. Asili ya ugonjwa ni upungufu wa insulini itolewayo na kongosho, au mwili kushindwa kuitumia.

(c) Jeraha, kidonda na maambukizo

Jeraha ni mkato au mchubuko mpya. Kidonda ni pale palipokaa wazi bila kupona. Muuguzi aandikaye “kidonda” mahali pa “jeraha” hubadili historia ya mgonjwa.

Maambukizo ndilo neno gumu kuliko yote. Kwa kuwa twasema ugonjwa wa kuambukiza, mgonjwa aambiwaye “kidonda chako kina maambukizo” hufikiri kwamba ameambukizwa na mtu, au kwamba atawaambukiza wanawe. Kumbe vijidudu vingi viletavyo usaha na majipu huishi juu ya ngozi yake mwenyewe na puani. Maambukizo libaki vitabuni. Kitandani isemwe vijidudu vimeingia kidondani.

Haya yote hukutana katika mguu wa mwenye kisukari. Mishipa ya fahamu ikidhoofika, mguu hufa ganzi. Damu haifiki vyema. Mchubuko wa kandambili hugeuka kidonda, na kidonda donda ndugu, hata mguu ukatwe. Kinga yake ni kutazama nyayo kila siku, kukausha katikati ya vidole, na kutotembea pekupeku. Maagizo hayo hayahitaji istilahi hata moja ngumu.

Tunapendekeza basi kwamba kila istilahi ya afya ipimwe mara mbili kabla ya kusanifiwa: kwanza na wataalamu, kisha na wagonjwa. Wanaokusanya istilahi hizi wawaulize wauguzi ni maneno gani huwalazimu kuyaeleza upya kila siku, kwa maana hayo ndiyo yanayohitaji kutazamwa kwanza.